Jiwe la Kaporali wa Kiringye

Pudentienne alikuwa na mkono wa pasi. Kwenye misheni ndogo iliyokuwa kando ya barabara ya pamba, karibu na Kiringye, mashariki ya Kongo, hakuna kitambaa cha altare kilichotoka kwake kikiwa na kunyanzi, na masista waliopita safarini walimwuliza alijifunzia wapi kazi ile. Alikuwa akijibu huku akicheka: "Kwa jeshi." Wengine walidhani ni mzaha.

Haukuwa mzaha. Aliolewa angali msichana na Révérien Nzeyimana, kijana wa Kiringye mwenye miguu mirefu na sauti nzuri ya kuimba. Hawajazoeana bado, Révérien akachukuliwa katika Force Publique, jeshi la Wabelgiji, na Pudentienne akamfuata hadi kambi iliyokuwa kaskazini kabisa ya Kongo, safari ya kamyo ya mizigo na meli na kamyo tena, mpaka mtu asahau alikotoka. Huko aliishi katika mstari wa nyumba za udongo ambazo hata mwenye nyumba angeweza kukosea mlango. Alijifunza kupika majani asiyoyajua, alijifunza kuchota maji kwa foleni, alijifunza kusema na wanawake wa kila upande wa nchi, na alijifunza kupiga pasi kaptula za kaki mpaka zisimame zenyewe. Révérien akapata utepe wa kaporali. Binti yao Generose alizaliwa hukohuko, tarumbeta ya alfajiri ikilia.

Halafu ikaja vita. Mwaka wa arobaini na moja askari walipakiwa kwenda Abisinia kupigana na Wataliano, na wanawake wakarudishwa makwao. Pudentienne alishuka Kiringye na mtoto mgongoni, akangoja. Siku moja mjumbe wa serikali akaja, akasimama uani, akasema Kaporali Nzeyimana amefariki huko mbali. Alipoulizwa ni wapi, na ni kwa nini, na nani alimzika, mjumbe alitikisa kichwa. Alikuwa ametumwa kusema neno moja tu, naye alikwisha kulisema.

Walilia kama watu wanavyolia, lakini hapakuwa na pa kuelekeza macho. Kaka mkubwa wa Révérien, aliyeitwa Ndihokubwayo, mtu mzito wa maneno na mwenye moyo, alikataza jina la mdogo wake lisitajwe pale nyumbani, maana kila lilipotajwa alishindwa kula. Pudentienne naye akavuka mto Ruzizi, akarudi kwa mama yake upande wa Urundi, akakaa huko miaka mpaka mama alipofariki. Ndipo aliporudi Kiringye, kwa kuwa Generose alikuwa mtoto wa nyumba ile, na Ndihokubwayo akampokea vizuri, akampa shamba la kulima muhogo na mpunga. Jina la Révérien tu ndilo halikupokelewa.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mwaka wa hamsini na tano, wakati Padri Anselme alipoletwa misheni kuwafundisha vijana waliokuwa wakisomea ualimu.

Padri Anselme alikuwa mzee, ndevu nyeupe hadi kifuani. Ujana wake wote aliumalizia Aljeria, kule kaskazini mwa Afrika, na ijapokuwa programu ya shule ilimtaka afundishe wafalme wa Roma, yeye alikuwa akiwapita wafalme haraka haraka ili afike kwa askari. Chumba cha pasi kilikuwa ubavuni mwa darasa, na kwa ajili ya joto la makaa dirisha halikufungwa. Pudentienne akawa mwanafunzi bila kuandikishwa.

Mwanzoni hakusikiliza kwa makini. Alisikia tu kwamba Warumi walikuwa na majeshi makubwa yaliyoitwa lejio, naye akashangaa, maana yeye alijua Lejio ya Maria peke yake, ile ya akina mama wa rozari. Kisha siku moja padri akasema kwamba katika Afrika yote ya Warumi, Misri isipohesabiwa, palikuwa na lejio moja tu, ya Tatu, iliyoitwa Augusta, na kambi yake ilikuwa Lambesi, chini ya milima, mpakani, ambako nyuma yake ni jangwa. Lejio hiyo ilikaa Afrika karibu miaka mia tatu. Askari wake wa kwanza walitoka ng'ambo, lakini baadaye karibu wote walikuwa wazaliwa wa Afrika yenyewe.

"Kazi yao haikuwa kupigana kila siku," padri alisema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Siku nyingi walichonga barabara. Walichimba mifereji. Walijenga madaraja. Mtu alitumika miaka ishirini na mitano, na muda huo wote sheria ilimkataza kuoa."

"Sasa hawakuwa na wanawake, Padri?" akauliza kijana mmoja, Cyprien, na wenzake wakaguna.

"Walikuwa nao. Nje ya ukuta wa kambi palikuwa na kijiji kizima cha wanawake na watoto. Sheria haikuwaona, lakini walikuwepo. Walifua, walipika, waliuza mkate. Na mtoto aliyezaliwa pale akikua akaingia jeshini, karani alimwuliza: kwenu ni wapi? Akijibu, iliandikwa hivi: kambini. Hicho ndicho kilikuwa kijiji chake. Kambini."

Pudentienne akacheka. Hakukusudia, kilimtoka tu, kicheko kikubwa cha mtu aliyekutana na jirani yake sokoni katika nchi ya ugeni. Vichwa vyote vikageukia dirishani.

"Weye unacheka nini, Mama Generose?" akauliza padri, si kwa hasira.

"Unisamehe, Padri. Minye nilifikiri unaeleza habari ya zamani. Kumbe unaeleza kambi yetu." Akaweka pasi juu ya kigae. "Generose wangu alizaliwa kambini. Hapa bantu banamuita mutoto wa kambi, kama vile ni matusi."

Padri Anselme akasogea dirishani, akasema, "Basi akikuuliza, mwambie walikuwepo watoto wa kambi ambao walikuja kuwa wakubwa wa askari wenzao."

Tangu siku hiyo dirisha lile lilikuwa na mtu. Padri alipopandisha sauti kidogo, vijana walijua ni kwa ajili ya nani. Pudentienne alisikia habari za mji ambao askari waliostaafu walijengewa karibu na kambi, wenye barabara zilizonyooka kama nyuzi za mshonaji. Alisikia habari za Kaisari mmoja, mzaliwa wa Afrika mwenyewe, aliyewaruhusu askari hatimaye waishi na wake zao kwa halali, na hapo alipiga makofi peke yake chumbani mwa pasi. Lakini hakuwa mtu wa kumeza tu. Siku moja aliuliza, "Padri, na ile ardhi ya barabara na ya mji, mbele ilikuwa ya nani?"

Padri alisugua ndevu. "Ilikuwa ya wachungaji waliokuwa wakihama na mifugo yao. Walinyang'anywa. Walipigana miaka saba, na kiongozi wao alikuwa mtu aliyewahi kutumika upande wa Warumi, akawatoroka."

"Eeh," akasema Pudentienne. "Hiyo nayo inafanana." Na padri hakubisha.

Somo lililomwingia kuliko yote lilikuja mwishoni mwa masika. Padri alieleza kwamba katika lejio ile mtu akifa mkewe alimwekea jiwe, na juu ya jiwe alichongesha jina la mumewe, alikotoka, miaka aliyotumika, na kwamba ni yeye, mke fulani, aliyeliweka. Mawe hayo yapo mpaka leo. Yeye mwenyewe, alipokuwa kijana Aljeria, aliyashika kwa mkono. Wengine waliongeza maneno ya kumwombea aliyelala: udongo uwe mwepesi kwako.

"Sasa sikilizeni jambo lililoipata lejio yenyewe," akaendelea. "Wakubwa wa Roma waligombania kiti. Lejio ya Tatu ikasimama upande mmoja, na upande ule mwingine ndio ulioshinda. Lejio ikavunjwa. Na ikatoka amri kwamba jina lake lifutwe kila lilipoandikwa. Watu walipita na patasi, ukuta kwa ukuta, jiwe kwa jiwe, wakalichimbua."

Akachora ubaoni jiwe lenye maneno, na katikati yake shimo.

"Miaka kumi na mitano baadaye Kaisari mwingine akaihitaji lejio ile, akaiita tena. Watu wakarudi na patasi zao, wakaliandika jina tena palepale lilipotolewa. Ukiweka kidole unasikia: maneno mengine yako juu, na jina la lejio limekaa ndani, kama maji katika kiganja."

Pudentienne alisikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi pale, alikuwa ameisahau pasi.

Vijana walipotoka alikwenda kwa padri na kile kitambaa mkononi, kimeungua rangi ya chai. Padri hakukitazama hata kidogo.

"Padri, wale wanawake. Mume akifia mbali, mwili haukuonekana, jiwe waliweka?"

"Waliweka. Yako mawe mengi ya namna hiyo. Chini yake hakuna mtu."

"Na Kanisa linakubali?"

"Kuwakumbuka wafu? Kanisa linafanya nini kila siku kwenye misa?" Akaweka chaki chini. "Jina lake ni nani, Mama Generose?"

Ilikuwa miaka mingi hajaulizwa. "Révérien," akasema. Kisha akalitamka lote, "Kaporali Révérien Nzeyimana," kwa sauti ile ya kuitikia orodha asubuhi.

Lakini jiwe si jambo la mtu mmoja. Jioni ile, ugali ukiwa bado mezani, alimweleza shemeji yake, na Ndihokubwayo akasukuma sahani.

"Kaburi bila muntu? Mama Generose, hapana. Unachimba shimo nyumbani, unaliacha tupu, litataka kujaa. Nani atalala ndani? Minye? Mutoto wako?"

"Si shimo, shemeji. Ni jiwe."

"Ni kitu kimoja." Akasimama. "Na utaandika nini? Tunajua nini? Hatujui alikufia wapi, hatujui kama alizikwa ao aliliwa na fisi. Utachonga uongo juu ya jiwe?"

Akatoka. Pudentienne hakumkasirikia, kwa sababu alimwona mabega yakimtetemeka. Na neno lake moja lilikuwa la kweli: walikuwa hawajui kitu. Generose, msichana mwenye maneno machache kama baba yake mkubwa, alikusanya vyombo, kisha akauliza, "Mama, kule kambini jirani yenu hakuwa muntu wa Uvira?"

Pudentienne akajipiga paja. Riziki! Alikuwa amemweka Riziki katika kile chumba cha moyo kilichofungwa pamoja na mambo yote ya kambi. Riziki wa Uvira, binti wa Waislamu wa pwani ya ziwa, mwenye jiko lililotenganishwa na lake kwa ukuta wa matete tu. Waliazimana chumvi, walisukana nywele, na Riziki ndiye aliyemshika mgongo siku Generose anazaliwa. Mumewe, Nasoro, alikuwa kikosi kimoja na Révérien. Walipoachana kwenye kamyo ya kurudi walilia na kuahidiana kutembeleana, kisha habari ya kifo ikaja, na Pudentienne akakimbilia Urundi na kisha akaona haya. Aliogopa kumkuta Riziki na mumewe mzima na kumwonea kijicho.

Juma lile lile aliomba nafasi kwenye kamyo iliyokuwa ikipeleka pamba Uvira. Alivaa kitenge chake kizuri, akafunga mpunga mpya katika kitambaa, akakaa juu ya magunia na Generose, upepo wa uwanda ukiwapiga, mpaka ziwa likafunguka mbele yao, na milima ikaja karibu na barabara kana kwamba inataka kunywa.

Hawakutafuta sana. Katika mtaa wa Waislamu mtu wa kwanza waliyemwuliza akawaonyesha kidole: Nasoro fundi wa mawe, nyumba ile yenye ngazi. Uani palikuwa na mwanamke mnene akianika ndagala juu ya mkeka. Aliinua kichwa, akakunja macho kwa jua, na ule ungo wa samaki ukamwanguka.

"Mama Generose! Ni weye? Ni weye kweli?"

Walishikana pale katikati ya ndagala, wakilia na kucheka, na kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba amenenepa. Riziki akamgeuza Generose huku na huku. "Minye ndiye wa kwanza kukushika, unajua? Kabla ya mama yako. Ulikuwa mwekundu kama pilipili."

Nasoro alitoka nyuma ya nyumba, vumbi la mawe limemkaa mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amekonda, na mguu mmoja aliuvuta. Aliambiwa mgeni ni nani. Alinawa mikono, akanawa na uso, akavaa kofia, ndipo akaja akakaa kwenye kigoda mbele yake.

"Shemeji," akasema, "nilikutafuta. Tuliporudi kutoka vitani nilifika mpaka Kiringye. Nilikuta mutu shambani, akaniambia mke wa Reveriani alivuka Ruzizi, akaolewa huko. Nikaona nisilete machozi ya zamani katika nyumba mpya. Nikarudi."

"Sikuolewa," akasema Pudentienne. "Nilikwenda kwa mama."

Nasoro akafumba macho, akatikisa kichwa. "Basi leo nitakupa kilicho chako."

Akaeleza. Alieleza taratibu, kama anayepanga mawe. Walivuka Sudani kwenye jua lisilo na kivuli, wakapanda mto mkubwa kwa meli, wakaingia Abisinia mvua zikianza. Matope yalimeza kamyo. Chakula kikawa hakifiki. Watu walivimba miguu kwa njaa, na tumbo la kuhara likawaingia, likaua wengi kuliko risasi za Wataliano. Révérien ndiye aliyekuwa akiwaimbia. Yeye Nasoro alipoumia mguu, Révérien alimbebea bunduki yake juu ya ile ya kwake, mwendo wa siku nyingi, naye hakusema hata mara moja kwamba ni nzito. Kisha tumbo likamshika na yeye.

"Tulimubeba, shemeji. Sisi wanne, kwa blanketi. Mukubwa alisema tumuache kwa wagonjwa nyuma, tukamuomba, akatuachia. Alifariki asubuhi, tumefika mahali penye kijito na miti mirefu. Hakuteseka mwishoni. Alikuwa anasema na weye. Alisema, Pude, toa sufuria motoni."

Pudentienne aliweka mkono mdomoni.

"Tulichimba kwa sime na kwa masahani ya chakula, kwa sababu makoleo yalibaki nyuma. Tulichimba refu, fisi hakufika. Tulimfunga katika blanketi yake na ya kwangu. Halafu nikazungusha mawe, moja moja, niliyatoa mule kijitoni. Hayo ndiyo mawe ya kwanza niliyopanga maishani mwangu." Akatazama viganja vyake. "Halafu kuna jambo. Mkatoliki kati yetu hakuwepo isipokuwa kijana mmoja wa Kasai, naye alikuwa analia tu, hakukumbuka sala. Reveriani alikuwa mtu wa rozari, nilijua. Lakini nisingeweza kumfukia bila neno. Nikamsomea Fatiha. Niliisoma yote, kwa sauti. Miaka yote hii najiuliza kama nilimkosea."

Kuku walikuwa wamejilaza kivulini. Pudentienne aliinuka kwenye mkeka, akaenda akapiga magoti mbele ya yule fundi, akaishika ile mikono yenye sugu, yote miwili, kama mtu anavyopokea kitu kikubwa.

"Ulimubeba," akasema. "Ulimupa blanketi yako kwa mvua. Ulimusomea. Nasoro, miaka yote minye nilimuona amelala njiani, peke yake, hakuna hata muntu wa kumufunga macho. Kila nikilala namuona hivyo. Asante. Sijui niseme nini ingine. Asante. Mungu alisikia, ni Mungu mmoja ule ule. Asante."

Aliendelea kusema asante mpaka Riziki akamwinua. Walikula pamoja mchana ule, wali wa mpunga wa Kiringye na ndagala za Uvira, na Generose aliuliza maswali ambayo hakuwahi kumwuliza mtu: baba alikuwa akiimba nini, alikuwa akicheka vipi, alikuwa mwenye hasira? Nasoro alijibu yote. Alipoimba ule wimbo wa mwendo, kwa sauti mbaya, Riziki alimwomba aache, amwonee huruma marehemu, na wote wakacheka mpaka machozi.

Habari ya jiwe Pudentienne aliitaja mwishoni, kwa woga. Nasoro hakumwacha amalize. "Jiwe liko," alisema. "Nitalitoa mlimani mimi mwenyewe. Lakini kwanza twende kwa kaka yake."

Akaja. Alipanda kamyo ya pamba iliyokuwa ikirudi tupu, akashuka Kiringye akiuvuta mguu wake, akakaa na Ndihokubwayo nyuma ya ghala la mpunga. Pudentienne hakuwafuata. Aliwaona kwa mbali tu: mmoja akiongea na kuonyesha kwa mikono, kina hiki, upana huu, mawe hivi; mwingine ameinamisha kichwa. Wakakaa hivyo mpaka jua likasogea upande wa milima ya Lemera. Kisha akamwona shemeji yake, mtu asiyemshika mtu, akimshika Nasoro shingoni na kulia kwa sauti, kilio alichokuwa amekizuia tangu siku ya mjumbe. Majirani walitoka nje. Alipotulia alikuja mpaka jikoni kwa Pudentienne, macho mekundu.

"Alizikwa vizuri," akamwambia, kana kwamba yeye ndiye hakuwa na habari. "Nduguye wa vita alimuzika vizuri. Si kaburi tupu hilo, Mama Generose. Kaburi iko. Iko mbali tu. Njoo nikuonyeshe mahali pa jiwe."

Akamwonyesha pembeni mwa makaburi ya wazazi wao, mahali palipoinuka, penye kutazama uwanda wote hadi Ruzizi.

Nasoro alichonga kwa wiki kadhaa, akiingiliwa na kazi nyingine. Maneno walipanga pamoja, na Padri Anselme akawaeleza jinsi wanawake wa Lambesi walivyoyapanga ya kwao. Nasoro aliposikia habari ya lejio iliyofutwa jina na kurudishiwa, aliuliza mambo ya kifundi tu: jiwe lilikuwa la namna gani, na walichimbua kina gani. Kisha akasema kazi ya kuandika mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, na angependa kumjua aliyeifanya.

Jiwe lilipofika lilibebwa na vijana wa padri, Cyprien mbele akiwaimbisha. Generose ndiye aliyelisoma mbele ya watu, kidole kikifuata herufi: Révérien Nzeyimana, mzaliwa wa Kiringye, kaporali, amelala Abisinia, alikozikwa na wenzake. Pudentienne mke wake, Ndihokubwayo kaka yake na Generose mtoto wake, aliyezaliwa kambini, wamemwekea. Udongo uwe mwepesi kwako.

Alipofika kwenye neno kambini hakulipunguzia sauti. Na hakuna aliyecheka.

Padri alinyunyiza maji ya baraka, wakasali Baba Yetu na Salamu Maria. Watu walipoanza kujitikisa ili waondoke, Pudentienne akainua mkono.

"Bado," akasema. Akamgeukia Nasoro, aliyekuwa amesimama nyuma kidogo na kofia yake. "Shemeji, tafazali. Ile uliyomusomea kule. Hatukuwepo. Tusomee na sisi tuisikie."

Nasoro alimtazama padri. Padri aliinamisha kichwa, akapisha njia. Basi yule fundi akaja mbele, akafungua viganja, akasoma Fatiha yote mbele ya Wakatoliki wa Kiringye, na alipomaliza kinamama wa Lejio ya Maria waliitikia amina bila kuambiwa.

Wakala. Mbuzi alikuwa wa Ndihokubwayo, na aliyemchinja ni Nasoro, ili wageni Waislamu wa Uvira nao wale. Palikuwa na sombe ya majani ya muhogo, palikuwa na wali, palikuwa na mikeke, samaki wa ziwa, aliyoleta Riziki imefungwa majani. Ndihokubwayo alilitaja jina la mdogo wake mara nyingi siku ile, akasimulia utoto wao, jinsi Révérien alivyoanguka mtoni akijaribu kuendesha ng'ombe wa watu kama farasi, na kila alipolitaja aliongeza nyama kwenye sahani yake.

Pudentienne alizunguka na maji ya kunawa. Alipofika kwa Padri Anselme alimmiminia, akamwambia asante kwa ajili ya wanawake wale wa Lambesi. Padri alisema wale hawamhitaji yeye, walishajiandika wenyewe. Alipofika kwa Cyprien na wenzake aliwashukuru kwa mabega yao. Alipofika kwa shemeji yake alimmiminia maji taratibu, naye shemeji akaitikia kwa kichwa. Kisha alitua birika, akaenda akakaa mkekani karibu na Riziki, akanyoosha miguu, akaegemea bega lake kama alivyokuwa akifanya zamani wakingoja sufuria zichemke.

"Umechoka?" Riziki akauliza.

"Hapana," akasema Pudentienne. "Nimeshiba."